Kabla hujamtilia samaki beta dawa, pima maji yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tumsemee samaki asiyekuwa na sauti ya kulalamika. Beta, yule dume mdogo mwenye mapezi marefu yanayopepea kama shela, amekuwa kipenzi cha nyumba nyingi. Akitunzwa vizuri huishi miaka 3 hadi 5. Wengi hawafiki huko, na maswali ya wenye samaki hao karibu yote yanafanana: mapezi yanaoza, tumbo limejaa, ana madoa, nimpe dawa gani? Mara nyingi anayeuliza tayari amekwisha kumimina dawa mbili tofauti ndani ya bakuli la lita mbili. Tunaandika kumwomba kila mfugaji aanze na swali jingine: maji yana nini?

Beta, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Betta splendens, asili yake ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji yenye maji ya kina kifupi, yenye joto na majani mengi. Maji ya namna hiyo huwa na oksijeni haba, naye amejaliwa kiungo maalumu kichwani, juu ya matamvua, cha kuchukulia hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Kiungo hicho ndicho kilichozaa imani kwamba anaweza kuishi katika bilauri. Lakini kinamtatulia tatizo moja tu, la oksijeni. Amonia, yaani taka yenye sumu ya mwilini mwake, hutolewa na matamvua yale yale waliyo nayo samaki wote, na ikijaa majini humuunguza kama inavyowaunguza wengine. Tena hapa pana hatari ambayo wengi hawaioni. Samaki wengine maji yakiharibika hupanda juu na kutweta, na mwenye nyumba akashtuka. Beta hupanda juu kila siku akiwa mzima wa afya. Ishara tunayoitegemea kwa samaki wengine, kwake ni mazoea. Basi matamvua huharibika kimya kimya, na siku tunapoona mapezi yamekunjamana na rangi imefifia, maji huenda yamekuwa mabaya kwa wiki kadhaa.

Wapo pia wanaojifariji kwa kuona samaki ametengeneza kiota cha mapovu juu ya maji. Dume hutengeneza kiota kwa msukumo wa kutaka kuzaa, hata ndani ya maji machafu. Kiota si cheti cha afya. Kitu cha kuaminiwa ni kipimo, hasa kile cha matone kinachobadilisha rangi katika kichupa, maana vile vya karatasi hukisia zaidi. Amonia isome sifuri, nitriti isome sifuri, nitreti isizidi miligramu 20 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 6.5 na 7.5. Beta huzoea pH iliyo juu kidogo ya hapo mradi isiyumbeyumbe; kuikimbiza kwa dawa za kupandisha na kushusha humchosha kuliko kuiacha ilivyo.

Inafaa kueleza sumu hizo zinatoka wapi, kwa sababu asiyeelewa jambo hili atabaki kununua dawa milele. Matamvua, kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa aina fulani huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaelei ovyo majini; hujishika kwenye sponji ya chujio, changarawe na majani. Katika tangi jipya hawamo, na huchukua wiki 4 hadi 6 kufikia idadi ya kutosha. Njia ya uhakika ni kuliandaa tangi kabla ya kumleta samaki. Washa chujio na hita, tia amonia tupu isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, pima kila baada ya siku mbili, na iongeze kila inaposhuka. Tangi limekomaa siku ambayo miligramu hizo 2 zinakwisha ndani ya saa 24 na nitriti nayo ni sifuri. Hapo badilisha maji mengi ili kushusha nitreti, ndipo samaki aingie. Kipande cha sponji iliyotumika katika tangi lenye samaki wazima hufupisha sana kazi hii.

Aliyekwisha kumweka samaki asikate tamaa. Apime kila siku, na kila amonia au nitriti inapofika miligramu 0.25 kwa lita abadilishe nusu ya maji. Hesabu yake ni nyepesi lakini wengi huikosea: kubadilisha nusu ya maji hupunguza sumu kwa nusu, kutoka 1 hadi 0.5. Anayetaka kufika 0.25 abadilishe nusu mara mbili, akiacha saa chache katikati. Mwenye kubadilisha asilimia 10 kwa hofu ya kumsumbua samaki ameacha asilimia 90 ya sumu mle mle.

Ukubwa wa tangi ndio unaoamua kama hesabu hiyo itakuwa rahisi au mateso. Lita 10 ndicho kiwango cha chini kabisa tunachoweza kukitetea. Lita 20 ni bora, na kwa anayeanza ni nyepesi zaidi kutunza, kwa kuwa uchafu ule ule ukiingia katika maji mengi haufikii kiwango cha sumu haraka. Tangi la lita 20 lililokomaa linahitaji asilimia 25 hadi 30 ya maji kubadilishwa kila wiki. La lita 10 lisilo na chujio linahitaji nusu yake mara mbili kwa wiki, bila kukosa. Maji mapya yasitofautiane na ya zamani kwa zaidi ya nyuzi 1 au 2 za joto. Yakiwa ya bomba, yana klorini, na hiyo huunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Klorini huondoka maji yakiachwa kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki kwa kuachwa, kwa hiyo pale inapotumika dawa ya kuondoa klorini haina mbadala. Na kabla ya kunyonya maji kwa mpira, chomoa hita kwenye umeme. Kioo chake kikiachwa wazi kikiwa cha moto hupasuka.

Joto liwe nyuzi 24 hadi 28, na 26 au 27 ndipo anapochangamka zaidi. Beta hana joto lake mwenyewe: maji yakipoa, tumbo lake husaga polepole na kinga yake hulegea. Hita ya wati 25 inatosha lita 10 hadi 20, pamoja na kipimajoto cha pembeni, maana namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha hita si ya kuaminiwa peke yake. Pale ambapo chumba chenyewe hakishuki chini ya nyuzi 25 usiku wala mchana, hita haina kazi.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa linamfaa kuliko yote, kwa sababu halitoi mkondo mkali. Dume mwenye mkia mzito akisukumwa na maji siku nzima huchoka, hujificha kwenye kona, na wengine huanza kujing'ata mkia. Sponji isisafishwe kwa maji ya bomba. Ikamue mara chache ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, uirudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Ule uchafu wa kahawia ndimo wanamoishi bakteria. Tunaona kosa hili mara nyingi: mtu anafanya usafi mkubwa, anaosha kila kitu mpaka king'ae, na baada ya siku tatu samaki anaumwa. Tangi limerudishwa kuwa jipya.

Weka kifuniko, kwani beta huruka, na acha nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya maji na kifuniko ili hewa anayovuta iwe na joto na unyevu. Madume wawili wasiwekwe pamoja. Mapambo yenye ncha yapimwe kwa kuburuta soksi laini ya nailoni juu yake. Ikinasa, na pezi litanasa. Jani pana la mmea wa maji karibu na uso wa maji humpa mahali pa kulala. Jani kavu la mkungu lililoanguka lenyewe, likaoshwa na kutiwa moja kwa lita 20, hugeuza maji kuwa na rangi ya chai nyepesi na kuyapa asidi kidogo. Tunalipenda kama msaada wa kawaida, ila halitibu ugonjwa uliokwisha kushika.

Kwenye chakula tuseme kwa kifupi: beta hula wadudu. Punje zilizotengenezwa kwa samaki au wadudu, zenye upana wa milimita 1, tatu au nne asubuhi na tatu au nne jioni, zinamtosha beta aliyekomaa. Siku moja kwa wiki asile. Vyakula vilivyokaushwa virowekwe dakika 5 hadi 10 kwanza, maana vikivimbia tumboni ndipo matatizo yanapoanza. Dafnia na artemia, ambao ni vijidudu vya majini, na viluwiluwi vya mbu ni zawadi nzuri, ila viluwiluwi visitoke kwenye maji yenye samaki wengine wala yaliyopuliziwa dawa. Kinachobaki bila kuliwa baada ya dakika 3 kitolewe.

Sasa magonjwa. Mgonjwa atibiwe katika chombo cha pembeni, lita 5 hadi 10, kikiwa na hita na jani moja la kujificha, bila changarawe. Dawa nyingi huua bakteria wa chujio, na mkaa maalumu uliomo katika machujio mengine hunyonya dawa kabla haijafanya kazi. Chombo hicho hakina bakteria, kwa hiyo nusu ya maji ibadilishwe kila siku na dawa irudishwe kwa kiasi cha maji mapya tu. Vimelea, tutakavyovieleza mbele, ndivyo vyenye sharti tofauti, kwa sababu hubaki tangini.

Kuoza kwa mapezi ndiyo malalamiko makuu. Chukua tochi ndogo, mmulike samaki kwa ubavu, uangalie ukingo wa pezi kwa karibu. Pezi linalooza lina ukingo usio sawa, kama karatasi iliyolambwa na moto, na mwishoni pana mstari mweusi, wa kahawia au mwekundu ambao kila siku unasogea kuelekea mwilini. Pezi lililochanwa na pambo lina mpasuko ulionyooka, unaofuata miiba ya pezi, na ukingo wake ni safi. Pezi ambalo samaki amelitafuna mwenyewe hupotea kwa usiku mmoja na kuacha pengo la mviringo. Hali hizi mbili za mwisho hazihitaji dawa, zinahitaji maji safi na kuondoa kilichomsumbua: pambo, mkondo, au kioo kinachomwonyesha sura yake akadhani ni adui. Wapo pia beta wenye rangi nyeusi ya asili pembeni mwa mapezi, kwa hiyo piga picha leo na nyingine baada ya siku mbili, uzilinganishe. Kinachosonga ndicho ugonjwa.

Bakteria wanaoozesha mapezi, wakiwamo Aeromonas na Pseudomonas, wapo katika kila tangi. Hupata nafasi samaki anapodhoofishwa na maji. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kubadilisha nusu ya maji kila siku kwa siku 7. Kuoza kukiwa ukingoni tu, mara nyingi hilo linatosha. Ukingo ukiendelea kusogea, tia chumvi tupu, isiyochanganywa na kitu kingine, gramu 1 kwa kila lita, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita 5 hivi. Iyeyushe kwanza katika kikombe cha maji ya tangi na uimimine kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Punje za chumvi zikimwangukia samaki humchoma. Usizidishe siku 10. Kumbuka pia kwamba chumvi haipai na mvuke: maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, ukibadilisha lita 2, rudisha chumvi ya lita 2 basi. Wanaotia kijiko kizima kila wanapobadilisha maji hujikuta wamempa samaki maji ya bahari. Kuoza kukifika shina la pezi au mwilini, hapo ndipo penye haja ya antibiotiki kwa ushauri wa daktari wa mifugo anayejua samaki. Vidonge vya binadamu vilivyopondwa kwa makisio huacha bakteria sugu na chujio lililokufa.

Pona yenyewe huwatia watu hofu. Pezi jipya huota likiwa angavu kama nailoni, na weupe kidogo pembeni. Wengi huliona wakadhani ni ukungu, wakaanza dawa upya. Liache. Rangi itafuata.

Madoa meupe, kama punje za chumvi zilizomwagwa mwilini na kwenye mapezi, huletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Samaki hujisugua kwenye changarawe na mapezi huyabana. Siri ya matibabu iko katika maisha ya kimelea chenyewe. Kikiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haikifikii. Kikishakomaa huanguka, hujifungia ndani ya ganda chini ya tangi, hugawanyika kuwa mamia, na hao wadogo hutoka wakiogelea kutafuta samaki. Ni hao waogeleaji tu wanaouawa na dawa. Ndiyo maana tangi zima hutibiwa, hata kama doa liko kwa samaki mmoja, na ndiyo maana anayeacha dawa siku ya nne kwa kuwa madoa yamepotea hurudi mwanzo wiki inayofuata. Pandisha joto kwa nyuzi 1 kila baada ya saa chache mpaka 30, ili mzunguko wa kimelea uende mbio na kimelea chenyewe kidhoofike. Tumia dawa yenye malakaiti kijani kwa kipimo cha chupa, au chumvi gramu 2 kwa lita kama hakuna mimea laini wala konokono. Nyonya uchafu wa chini kila unapobadilisha maji, kwa sababu yale maganda yamo humo. Endelea siku 14. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Beta atavuta hewa juu, ila kama ana wenzake tangini, ongeza mapovu ya pampu.

Ugonjwa wa vumbi la dhahabu unaua haraka zaidi na hauonekani mchana. Zima taa usiku, mmulike samaki kwa tochi kwa pembeni: ukiona mwilini unga mwembamba sana wa rangi ya kutu au dhahabu, hasa nyuma ya kichwa na mgongoni, ndio huo. Kimelea chake, Piscinoodinium, kinaweza kujitengenezea chakula kwa mwanga kama mmea, kwa hiyo funika tangi kwa kitambaa, uzime taa kwa muda wote wa tiba. Dawa yake kuu ina shaba. Mrututu wa unga, yaani salfeti ya shaba, usitiwe kwa kukisia hata kidogo. Kiasi cha shaba kinachoua kimelea kiko karibu na kile kinachomuua samaki, zaidi katika maji laini, yaani yenye madini machache. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa samaki, fuata lita halisi za maji baada ya kutoa nafasi ya changarawe, na konokono na kamba wahamishwe kwanza, maana shaba huwamaliza.

Hapa tuna onyo kubwa. Si kila weupe ni kuvu, na si kila ugonjwa hupandishiwa joto. Kuvu ya kweli husimama kama pamba, nyuzi zake huonekana zikiyumba majini, na huota juu ya kidonda kilichokuwapo. Methilini bluu huitibu vizuri. Bakteria Flavobacterium columnare huleta kitu kinachofanana nayo kwa mbali: utando wa kijivu au mweupe uliolala bapa, mara nyingi mdomoni, au mgongoni ukizunguka kama tandiko la farasi, wenye ukingo wa manjano au wekundu. Anayeudhania kuwa kuvu akapandisha joto hadi 30 amewapa bakteria hao hali wanayoipenda. Aina kali humuua samaki ndani ya siku moja au mbili. Shusha joto polepole hadi nyuzi 24, badilisha maji, ongeza mapovu ya hewa, mhamishe, na utafute antibiotiki siku hiyo hiyo.

Tumbo likijaa na samaki akawa anaelea kwa ubavu au kushindwa kushuka, mara nyingi amevimbiwa na kibofu chake cha hewa kimebanwa. Mnyime chakula siku 2 au 3. Punguza kina cha maji hadi sentimita 10 hadi 15 ili asihangaike kufika juu kuvuta hewa. Asipopata choo, tia chumvi ya haluli, yaani magnesiamu salfeti ambayo wengine huiita chumvi ya Epsom, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20. Hii ni tofauti kabisa na chumvi ya kula, na kuzichanganya ni kosa la kila siku. Akipata choo, mwanzishie dafnia, ambao maganda yao hufanya kazi ya makapi tumboni. Njegere iliyomenywa husifiwa sana, lakini huyu ni mla wadudu na hatuoni sababu ya kumpa njegere dafnia wakiwapo.

Jicho moja likitokeza nje, kwa kawaida ni jeraha. Maji safi na chumvi ya haluli hutosha. Yakitokeza yote mawili ni maambukizi ya ndani au maji yaliyooza.

Mtazame samaki aliyevimba kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama kama vigae vilivyoinuliwa na upepo, viungo vya ndani vimeshindwa kutoa maji mwilini. Tunasema kwa uchungu kwamba wengi katika hali hiyo hawaponi. Akionekana mapema sana, chumvi ya haluli na antibiotiki iliyochanganywa kwenye chakula, akiwa bado anakula, ni jaribio la haki. Akiwa amelala chini, hataki kula, magamba yote yamesimama, kumtesa kwa dawa mpya kila siku hakumsaidii. Mafuta ya karafuu humpumzisha, yaani humuua bila maumivu: tikisa robo ya mililita katika kichupa cha maji ya uvuguvugu, yamimine polepole katika lita moja ya maji ya tangi alimo, na akishalala asiitike hata ukimgusa, ongeza nusu mililita nyingine iliyotikiswa vivyo hivyo. Mwache nusu saa baada ya matamvua kusimama.

Jambo moja linamhusu mfugaji mwenyewe. Samaki anayekonda ingawa anakula, uti wa mgongo ukapinda, na vidonda visivyopona vikatokea, huenda ana bakteria wa jamii ya Mycobacterium. Baadhi yao huingia kwa binadamu kupitia mchubuko mkononi na kuleta uvimbe wa ngozi unaokaa miezi. Usitie mkono wenye kidonda tangini, usinyonye mpira kwa mdomo, nawa kwa sabuni ukimaliza. Wavu na ndoo za mgonjwa zisitumike kwa wengine kabla ya kulowekwa kwenye maji yaliyotiwa dawa ya kusafishia yenye klorini, kusuuzwa na kukaushwa kabisa juani.

Kuhusu samaki mgeni aliyefika katika mfuko uliofungwa kwa muda mrefu: pumzi yake imeshusha pH humo ndani, na hiyo imeifanya amonia iliyokusanyika iwe ya upole. Mfuko ukifunguliwa pH hupanda na amonia hugeuka kali. Kwa hiyo uache mfuko uelee tangini dakika 15 kusawazisha joto ungali umefungwa, kisha fungua, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa dakika 15 tu, mchote samaki kwa kikombe na maji ya mfuko yamwagwe nje. Zile saa mbili za kudondosha maji tone kwa tone zinazopendekezwa sana hazimfai samaki wa mfuko mchafu.

Mhariri, ombi letu kwa wauzaji ni kwamba wanapomkabidhi mnunuzi samaki huyu wamwandikie mambo mawili kwenye mfuko: lita 10 au zaidi, nyuzi 26. Na kwa kila anayejibu maswali ya wenye beta wagonjwa, magazetini au popote, tunaomba kabla ya kutaja jina la dawa amuulize mwenzake: tangi ni la lita ngapi, joto ni nyuzi ngapi, amonia na nitriti zinasoma ngapi leo, na maji yalibadilishwa lini na kwa kiasi gani.

Ni sisi,
Wafugaji wa samaki wa mapambo